Yai Juu ya Pasua

Sehemu ya tisa

Brashi bado iko hewani, wasomaji wangu. Wiki nzima imekaa hapo mkononi mwa Mukami, na yai lililopigwa linadondoka tone kwa tone juu ya sinia la mikate.

Mlangoni amesimama Mama Ravi. Huyu ndiye mwenye nyumba, mwenye jiko, na mwenye ile chatini ya ukwaju ambayo bila hiyo pasua ya Mukami ni mkate mkavu tu. Kwa miezi kumi na moja hajawahi kushuka jikoni kabla ya saa tatu asubuhi. Leo ameshuka saa mbili na nusu.

Kuna msomaji wa Kiminini aliyeniandikia akisema Mama Ravi atampiga Mukami mwiko wa kichwa. Ndugu yangu, umekosa. Ingekuwa ni mwiko, Mukami angeshukuru.

Mama Ravi alitazama brashi. Akatazama bakuli. Akatazama maganda ya mayai kando ya jiko. Halafu akageuka, akapanda ngazi zake polepole, mkono mmoja ukutani.

"Woi!" Mukami akasema. "Woi, nimekwisha mimi."

Na wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, shika haya upesi, maana mambo yenyewe hayangoji. Pasua ni mkate wa mviringo unaopasuliwa katikati ukajazwa kitu. Kutoka Kitale hadi Bungoma kila mji una yake. Misikhu hutia mayai, Webuye, hotelini kwa Manpreet, hutia viazi karai, Bungoma hutia kuku wa kienyeji aliyechambuliwa. Kitale ni ndengu zilizopondwa na chatini ya ukwaju. Mwaka huu hoteli zinazoiuza zimeunganishwa zikaitwa Njia ya Pasua, na wageni hutembea na kadi inayogongwa muhuri kila kituo. Kitale imepewa nafasi ya hoteli moja tu, na kamati inakuja leo saa nne kuonja mara ya mwisho.

Mukami ni mjane wa miaka arobaini na moja aliyeanza kwa kuuza uji mtaani Kipsongo. Hana kingine duniani ila jiko hili alilokodishwa nyuma ya duka la Mama Ravi. Jiko likienda, anarudi Kipsongo na sufuria yake kichwani.

Siku ya kwanza alipewa sharti moja. "Nyama hapana," Mama Ravi alimwambia. "Yai hapana. Ndani ya jiko hii, hata harufu." Dini ya mama huyu haimruhusu, na hajawahi kuonja vitu hivyo tangu azaliwe hapo hapo Kitale. Mukami akaapa. Na kweli, hajawahi kukaanga yai humo ndani hata siku moja.

Lakini kupaka mkate yai alifundishwa katika bekari ya Webuye, zamani kiwanda cha karatasi kilipokuwa bado kinatoa moshi. Huko mkate usiopakwa yai haukutoka mlangoni. Kwa hiyo yai la juu ya mkate, kwake yeye, halikuwa yai. Lilikuwa rangi.

"Wewe ukipaka rangi ya kucha," alimwambia mwenzake Fridah wakati ule, "si umepaka tu? Umekula rangi?"

Fridah akacheka, akashika brashi yake. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sasa Mukami amepanda ngazi mbili mbili, aproni imemwenda upande. Chumba cha Mama Ravi kilikuwa kinanukia udi. Pembeni kulikuwa na kimeza cha maombi, sanamu ndogo ya Mungu wake, taa ya samli, na picha ya marehemu mumewe, Mzee Chaman, imevalishwa shada la maua. Mbele ya picha kulikuwa na sahani ya chuma, tupu, ikisubiri.

Ikisubiri nini? Pasua ya kwanza ya siku. Kila asubuhi Mukami alimpandishia pasua ya kwanza kutoka jikoni, Mama Ravi akamwekea Mungu, akasali, kisha akala kilichobarikiwa.

"Mama..."

"Usiingie na viatu."

Mukami akavua. Akapiga magoti mlangoni.

"Tangu lini?" Mama Ravi akauliza.

Maneno mawili tu. Msomaji wangu, mimi sijui wewe ungejibu nini. Najua alichojibu Mukami, na mpaka leo nikikikumbuka nataka kumtandika makofi.

"Leo tu, Mama. Ni hawa watu wa kamati, si unajua. Nilitaka mkate ung'ae. Ni leo tu, haki ya Mungu."

Mama Ravi alifumba macho. Machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka.

"Leo tu," akasema. "Leo bado sijaweka kwa Mungu. Leo bado sijakula. Ai, Mukami! Moyo yangu ilikuwa imesimama kwa ngazi! Nilikuwa nasema, kama ni kila siku, basi miezi kumi na moja nimemlisha Mungu yai. Nimemlisha Chaman yai, na yeye amekufa hajawahi kuonja."

"Pole, Mama."

"Unajua wenzangu wa hekalu waliniuliza? Wananiita kwa jina, 'Bindu, unaweka mbele ya Mungu chakula imepikwa na mkono ya mtu wa nje?' Nikawaambia, Mukami ni mkono yangu. Nikanyamazisha wao wote." Akajipangusa macho kwa ncha ya shuka lake jeupe la ujane. "Sasa enda. Tupa hiyo mikate yote. Osha sinia na ndimu na chumvi. Pika ingine. Chatini nitakuletea mimi mwenyewe."

Mukami alisimama. Amepona! Ameponea kwenye tundu la sindano! Alikuwa ameshageuka ashuke, viatu mkononi, sauti ikapaa kutoka chini.

"Mukami! We Mukami!"

Ni Fridah. Mwanamke wa Misikhu, mama wa watoto watano, mwenzake Mukami tangu siku za bekari. Fridah hakujua lolote lililotokea asubuhi hiyo. Alikuwa ametoka kuchota maji. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu najua barua zenu.

"Mayai ya kupaka imeisha, bana! Nikachukue trei ingine kwa Kipchoge, vile tunafanyanga kira siku?"

Akatokea juu ya ngazi, trei tupu ya mayai kwapani, anatabasamu.

"Aaa, Mama Lavi, kumbe umeamka? Umeamkaje?"

Fridah akatazama uso wa huyu, akatazama uso wa yule, tabasamu likamwisha. Akaificha trei nyuma ya mgongo, kana kwamba kuna mtu ambaye hajaiona.

"Kila siku," akasema Mama Ravi.

"Mama, nisikilize..."

"Kila siku, Mukami."

Akainua ile sahani ya chuma kutoka mbele ya picha, akaifunga kwa kitambaa, akaisukuma chini ya kitanda. Kisha akakaa, mikono yake ameiweka mbali na mwili, hataki iguse nguo.

"Yai ningekusamehe," akasema. "Yai labda hukujua. Lakini sasa hivi, hapa, mbele ya Mungu na mbele ya Chaman, nimekuuliza. Nimekuuliza kwa upole."

Na hapa, wasomaji, niwaambie lililo kweli, maana nampenda Mukami lakini sitamsitiri. Mwanzoni hakujua. Kosa lilikuwa la ujinga, na ujinga hauna kesi. Lakini mwezi wake wa tatu jikoni humo alimwona Mama Ravi akirudisha kipande cha keki kwenye sherehe ya mtoto, kwa sababu tu ndani ya unga kulikuwa na yai, yai ambalo hata haliwezi kuonekana. Siku hiyo Mukami akajua. Na tangu siku hiyo akaanza kupaka mikate mapema, kabla ya mwenye nyumba kuamka.

"Nilijua mwezi wa tatu," Mukami akasema, kichwa chini.

"Na hukuacha?"

"Mkate ulikuwa umeshapendwa, Mama. Watu walikuwa wanausifu. Niliogopa."

"Uliogopa watu," akasema Mama Ravi.

Alikuwa bado anasema hivyo honi ikalia barabarani. Mara mbili, mara tatu. Kamati! Saa tatu kasorobo, na waliahidi saa nne!

Fridah akateremka mbio, na Mukami nyuma yake, viatu bado mkononi. Wakati wa kutupa mikate haukuwepo tena. Sinia la kwanza lilikuwa limeshaiva, Fridah alikuwa ameshalitoa, na mikate ilikuwa mezani inameremeta. Chatini ya jana ilikuwepo chupa moja.

"Tuwape hii?" Fridah akanong'ona.

"Tuwape nini ingine? Haya, pasua mikate!"

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kimotho, aliingia tumbo likitangulia. Fulana yake imeandikwa Njia ya Pasua mbele na nyuma. Nyuma yake watu wa kamati, mpiga picha, na majirani waliokuja kushangaa. Mtu mmoja alikuwa amebeba kibao kikubwa kilichofunikwa gunia.

"Mama wa pasua!" Kimotho akanguruma. "Sisi tumetoka Bungoma alfajiri, tumbo ni tupu. Lete kazi!"

Akala ya kwanza. Akala ya pili akiwa amefumba macho. Alipoifikia ya tatu, watu wote walikuwa wanamtazama taya.

"Ndengu nimekula kwingine," akasema. "Chatini, hii ni hatari, lakini hata chatini naweza kupata ingine. Lakini huu mkate! Angalieni huu mkate, watu wangu. Unajiona uso! Hii ndiyo sura ya Njia ya Pasua. Funua kibao!"

Gunia likavutwa. PASUA YA MUKAMI, KITALE, KITUO CHA KWANZA. Vigelegele vikapanda. Mukami alitaka kulia na kucheka, na hakuweza hata kimoja.

Ndipo akaingia Hemali na kikapu chake.

Hemali ni mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Kila Alhamisi huchukua pasua arobaini kwa ajili ya wanawake wa hekalu, baada ya maombi yao. Hawali kwingine. Hula kwa Mukami kwa sababu jiko ni la Mama Ravi, na Mama Ravi amelitolea neno kwamba halijui yai.

"Hongera, Mukami!" akasema. "Arobaini zangu tayari?"

Na Kimotho, mdomo wake haukosi la kusema, akamfichulia Mukami siri yake mbele ya umati.

"Mimi huu mng'ao naujua," akasema, akiinua mkate juu. "Mamangu alikuwa anaoka. Hili ni yai, sivyo? Umepaka yai hapa."

Kikapu cha Hemali kikasimama hewani.

"Yai?" akasema. "Mukami, hii iko yai?"

Mukami akainua macho, na pale chini ya ngazi akamwona Mama Ravi. Alikuwa ameshuka, amejifunga shuka lake jeupe mpaka kidevuni. Hakutikisa kichwa. Hakukunja uso. Alimtazama tu Mukami, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni.

Akisema ndiyo, wanawake arobaini watajua walichokula miezi hii yote, na jiko limekwenda leo hii hii. Akisema hapana, kibao kinapigiliwa ukutani. Mukami, dada yangu, sema kweli mara moja tu! Mara moja!

"Haina," akasema Mukami. "Ni maziwa na sukari tu. Ndiyo inang'arisha."

Hemali hakutosheka. Akageuka. "Bindu Masi," akasema, maana ndivyo anavyomwita kwa heshima, kama mama mdogo. "Ni kweli?"

Mama Ravi akamtazama Hemali. Mimi nawaambia, hata Kimotho aliacha kutafuna.

"Haina," akasema Mama Ravi. "Mimi ndiye mwenye jiko. Haina."

Basi yakaisha. Hemali akacheka, akachukua pasua moja, akaiuma hapo hapo, akapanga arobaini zake kikapuni. Kimotho akaomba radhi, akasema labda pua yake imezeeka. Akawatoa watu wote nje wakapigilie kibao.

Nawaona mnapiga makofi huko mlipo. Wekeni mikono chini.

Jikoni walibaki wanawake watatu. Mukami alijitupa chini akashika miguu ya Mama Ravi.

"Mama, umeniokoa! Mungu akubariki, Mama, umeniokoa!"

"Wewe?" Mama Ravi akarudisha miguu nyuma. "Mimi sikuokoa wewe. Nimeokoa wale. Wakijua, watabeba hii kitu mimi nabeba. Hemali ana mama mgonjwa, kila Alhamisi anamlisha hiyo mkate kwa kijiko. Nimwambie nini? Mtu hajui, hana dhambi. Wacha wasijue."

"Mama, kuanzia leo sipaki tena. Naapa!"

"Wewe unaapa sana, Mukami."

Nje nyundo ilianza kugonga.

"Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili," akasema Mama Ravi. "Leo nimesimama mbele ya watu nikadanganya mtoto wa rafiki yangu kuhusu chakula ya Mungu. Na nikiulizwa Alhamisi ijayo nitadanganya tena. Mpaka nikufe. Hiyo ndiyo umenipatia." Akanyoosha mkono. "Toa aproni."

"Mama?"

"Toa. Jiko si yako tena."

"Lakini Mama, kibao... Kibao kina jina langu. Si unasikia wanakipigilia?"

"Kibao iko nje. Jiko iko ndani."

Vidole vyake vilishindwa kufungua fundo. Ilibidi Fridah amfungulie, naye Fridah mwenyewe analia makamasi. Mama Ravi akaipokea ile aproni, akaikunja mara mbili juu ya mkono.

"Wewe unaitwa nani kamili?" akauliza.

Fridah akatazama nyuma yake aone anaulizwa nani. "Mimi? Fridah Nafuna, Mama."

"Chatini nikikufundisha, utaweza?"

"Mama?"

"Asubuhi hii katika nyumba yangu mtu mmoja tu amesema ukweli."

"Lakini Mama, mimi sikujua nasema ukweri! Nilikuwa natafuta mayai tu!"

"Ndiyo maana nakuamini," akasema Mama Ravi. Akamnyooshea aproni. "Nyama hapana. Yai hapana."

"Hata ya kupaka?"

"Hata ya kupaka."

Sasa msinifokee mimi, mimi ni msimulizi tu. Mukami na Fridah walilala kitanda kimoja Webuye walipokuwa wasichana wa bekari. Mume wa Mukami alipokufa, Fridah ndiye aliyewapikia waombolezaji siku nne bila kulala. Na siku Mukami alipopata jiko hili, mtu wa kwanza aliyemwita ni Fridah. Lakini Fridah ana watoto watano Misikhu, na tangu azaliwe hajawahi kushika kitu ambacho mtu mwingine hawezi kumnyang'anya.

"Fridah," Mukami akasema kwa sauti ndogo. "Usichukue. Tukikataa wote wawili, atatulia. Namjua. Kesho atatulia. Fridah, dada yangu, tafadhali."

Fridah alimtazama Mama Ravi. Akamtazama Mukami, pale chini kwenye sakafu, miguu mitupu.

"Si ni wewe uliniambia ni rangi tu?" akasema. "Mimi nilikuamini, Mukami. Mimi pia nilikuamini."

Akaichukua aproni.

Nyundo ilinyamaza. Umati ukashangilia nje, na sauti ya Kimotho ikapenya ukuta. "Mwenye hoteli yuko wapi? Aje tupige picha, watu wa gazeti wanangoja! Mwenye hoteli!"

Mukami akainuka upesi, akajifuta magoti. Nywele akazirudisha ndani ya kitambaa. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Mama Ravi akasimama mbele yake.

"Umesikia?" akasema, lakini hakuwa anamwambia Mukami. "Wanaita mwenye hoteli. Enda."

Fridah alijifunga aproni, akajipangusa macho kwa upindo wake, akatoka.